Usimuuze mwanapunda kwa bei ya njaa

KATIKA Mkoa wa Singida, punda ndiye lori la mkulima. Hubeba madumu ya maji na kuni, na wakati wa mavuno huvuta mkokoteni wa alizeti, mtama na uwele. Hata hivyo, wapo wafugaji wanaomuuza mwanapunda mwenye umbo zuri kwa bei ya kutupa, halafu baadaye hurudi mnadani kununua punda wa kazi kwa fedha nyingi.

Sababu kubwa ni msimu. Singida hupata mvua za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Ifikapo Januari ghala limepungua na watoto wanahitaji sare na madaftari. Mfugaji huenda mnadani na shida yake, na mchuuzi anaijua. Kama unaweza, uza mbuzi au kuku kwanza, umngojee mnunuzi wa Mei, mavuno yanapotoka shambani na wabebaji wanatafutwa.

Kumbuka pia kwamba punda si mbuzi. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi, zinazotumika China kutengeneza dawa ya asili, ilitishia kuwamaliza. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaupiga marufuku barani kote. Mnunuzi wa kumtafuta ni anayetaka mnyama wa kazi au wa kuzalisha.

Mnunuzi makini hutazama meno. Mawili ya kwanza ya kudumu huota punda akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Akifika mitano, kinywa kimejaa. Hukagua pia kwato na mgongo, na kidonda hushusha bei papo hapo. Kwa hiyo usimtwishe mzigo kabla ya miaka mitatu. Mzoeze kamba na kushikwa miguu. Akianza kuvuta, mfunge mkanda wa kifuani. Nira ni ya ng'ombe mwenye nundu, punda humchubua.

Mwenye mnyama bora asiishie mnadani. Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Kati, viwanja vya Nzuguni, Dodoma, hukutanisha wafugaji wa mikoa hiyo miwili. Kabla ya safari, chukua kibali kwa ofisa mifugo, na mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi.

Mchuuzi akibisha hodi Januari, piga hesabu kwanza: ukimuuza leo, mavuno utayabeba na nini?