Urea: hasara inayoanza mfuko ukishafunguliwa

Mfuko wa kilo 50 wa urea hubeba kilo 23 za naitrojeni. Katika msimu wa 2022/23, ruzuku ya Tanzania iliushusha kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi 70,000. Takwimu za serikali huishia kwenye tani zilizosambazwa na wakulima waliosajiliwa. Kilo ngapi kati ya hizo 23 zimefika kwenye mzizi wa mhindi, takwimu hizo hazisemi.

Urea ikirushwa juu ya udongo wenye unyevu, kimeng'enya kilichomo kwenye udongo na mabaki ya mimea huivunja. Uchachu hupungua kuzunguka punje, na sehemu ya naitrojeni hutoroka kama gesi ya amonia, hasa katika siku chache za mwanzo. Joto, upepo na manyunyu mepesi huongeza hasara. Mvua nzito ya mapema huizamisha mbolea na kuiokoa. Kwenye majaruba ya mpunga mwani hufanya maji yawe na alikali zaidi mchana, na amonia hupanda nayo.

Makadirio ya hasara hiyo hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza hutumia kiwango kimoja: mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, uliorekebishwa 2019, huweka asilimia 15 kwa urea, ikijumuisha amonia na oksidi za naitrojeni. Kwa bei ya ruzuku ya 2022/23, hiyo ilikuwa shilingi 10,500 kwa mfuko. Lakini mwongozo huohuo unatoa wigo wa asilimia 3 hadi 43. Njia ya pili ni modeli zinazofuata udongo na hali ya hewa siku kwa siku. Hizo huhitaji vipimo vya shambani, na vingi vilivyopo vimetoka Ulaya, Marekani na Asia.

Mzigo wa pengo hilo la vipimo humwangukia muuza pembejeo. Mfanyabiashara mmoja wa Nyanda za Juu Kusini analalamika kwamba mahindi yakibaki ya njano, mteja hurudi dukani akidai ameuziwa mbolea feki. Mteja huyo aliirusha juani, mvua ikachelewa wiki nzima, na hilo hataki kulisikia. Wakaguzi nao, kwa maelezo yake, huja kupima mfuko, shamba hawalifikii. Lalamiko lake lina maslahi ndani yake, lakini haliko peke yake: utafiti wa Morogoro uliochapishwa 2021 ulikuta upungufu wa naitrojeni kwenye urea ya madukani ni nadra, ingawa wakulima wengi waliamini imechakachuliwa.

Ofisa mmoja wa kilimo hulijibu suala la hasara hii kwa lengo ambalo nchi za Afrika ziliweka Abuja 2006: kilo 50 za virutubisho kwa hekta, lililopaswa kufikiwa 2015. Lengo hilo hupima kinachowekwa shambani. Kinachopotea hewani huhesabiwa kana kwamba kimeliwa na mmea, na ofisa hakueleza kwa nini.

Kubadili mbolea si jibu rahisi. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, hupoteza kidogo, lakini mfuko wake, uliouzwa 60,000 kwa ruzuku ya 2022/23, una takriban kilo 13 tu za naitrojeni. Kwa bei hizo, urea ilibaki nafuu mpaka ipoteze zaidi ya theluthi. Urea yenye kizuizi cha kimeng'enya, ambayo Ujerumani tangu 2020 huitaka pale mbolea isipofukiwa mara moja, huongeza gharama. Kufukia sentimita tano au zaidi hupunguza sana hasara bila kununua kitu, ila vibarua hulipwa, na ruzuku haiwagusi.

Bei ya urea ikipanda tena, huenda wakulima wengi zaidi wakafukia. Ikishuka, kishawishi cha kurusha kitabaki. Mpaka vipimo vya mashamba ya ndani vipatikane, asilimia 15 itaendelea kutumika kama wastani wa kuazima, na tani zitaendelea kutangazwa kama mafanikio.