Boti Inaponepa Chini

Mara ya kwanza nilidhani ni mawimbi. Tulikuwa wawili na ndoo ya chambo, mimi na shemeji yangu, tukikatiza mlango wa mto pale Kunduchi maji yakianza kupwa. Kila nilipohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, ubao chini ya unyayo ulizama kidogo, kisha ukarudi juu na kulia tup, kama ubavu wa debe unapobonyezwa kwa kidole gumba. Shemeji akasema boti inapumua. Alitania, tukacheka. Wiki mbili baadaye ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umejichora pembeni, pale ubao wa chini unapokutana na ubavu, na upo ukawa haupumziki mkononi.

Boti yenyewe tuliiunda nyuma ya nyumba, kwa plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4, unene milimita 6. Urefu wake haufiki mita 2 na nusu, upana chini ni kama sentimita 90, na chini ni bapa kama sinia. Hatukutumia mataruma, zile mbao za kukaza chombo kwa ndani. Mbao tulizitoboa vitundu kandokando, tukazishona kwa waya wa shaba, kisha tukaziba maungio kwa utepe wa faibaglasi na gundi ya epoksi. Njia hii ilipata umaarufu Uingereza mwaka 1962, Jack Holt na Barry Bucknell walipobuni boti ya Mirror, iliyopewa jina la gazeti la Daily Mirror, ambayo mtu wa kawaida angeweza kujiundia nyumbani. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu. Pwani yetu ilishona vyombo vya mitepe kwa kamba za nazi karne nyingi kabla ya plaiwudi kuzaliwa.

Ila mtepe na kiboti chetu havifanani tabia, na hilo nilichelewa kulielewa.

Ufa ulipotokea nilifanya ambalo wengi wangefanya. Nikatafuta kipande cha mbao nene, mbili kwa nne, nikakilaza katikati ya sakafu na kukikaza kwa skrubu kumi na mbili. Sikukifikisha ubavuni. Kilikomea kama shubiri moja kutoka kila upande, ncha zake zimekatwa wima kwa msumeno. Nilipokanyaga katikati, hapakutikisika. Nikajisifu. Siku ya tatu majini nikaona mistari miwili mipya, mmoja kila ncha ya kile kipande, imenyooka kana kwamba mtu kaipiga kwa rula.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa vyombo, aliyekuwa akikalafati mashua ufukweni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akaitazama boti yetu juu ya mkokoteni kwa muda, nyundo mkononi. "Hii mmejenga meza, mwanangu, mkaiita boti."

Tuliipindua juu ya magogo mawili. Hakuuliza unene wala aina ya gundi. Alipiga goti juu ya ubao wa chini, akasukuma, akasogea shubiri moja, akasukuma tena, na kila mahali ubao ulipozama akaweka alama ya chaki. Alipomaliza, alama zilikuwa zimezunguka ncha za kipande changu cha kujisifia. Akazigusa kwa kidole. "Ubao ulikuwa unanepa kote, polepole. Wewe umeuzuia hapa, basi unavunjikia hapa."

Kunepa peke yake si kosa. Mtepe ulinepa mzima, kutoka omo hadi tezi, na kila mshono ulibeba sehemu yake ya mzigo. Plaiwudi nayo huvumilia kupinda mradi mpindo uwe wa taratibu. Isichovumilia ni kupinda halafu kukutana ghafla na kitu kigumu, kwa sababu nguvu yote hukusanyika kwenye mstari ule mmoja, safari baada ya safari, hadi nyuzi za mti zichoke. Ufa wetu wa kwanza, ule wa ubavuni, ulikuwa na sababu hiyo hiyo: sakafu laini imekutana na kona ngumu ya faibaglasi. Mimi nikaongeza kona nyingine mbili.

Nilipomuuliza kwa nini tusibandike plaiwudi ya pili juu ya ile ya kwanza, alicheka. Nyumbani nikapiga hesabu, nikamwelewa. Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu wa ubao huongezeka mara nane, lakini uzito nao ungeongezeka kama kilo 8, na boti hii tunaibeba wawili mabegani. Ukiacha unene ule ule na kuigawa nafasi mara mbili kwa mhimili, mnepo chini ya msukumo ule ule wa maji hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi na sita. Mbao tatu nyembamba, za milimita 40 kwa 20, hazifiki kilo 4 kwa jumla. Umbo nalo lina nguvu yake: kifuu hakibonyei kwa kidole ingawa ni chembamba, na ngalawa iliyochongwa mviringo haihitaji msaada mwingi chini. Umbo bapa ndilo linalohitaji kusaidiwa.

Mbao tulizotumia ni za mkangazi, vipande vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Mafundi wa zamani walipenda mlilana, aina ya mkoko, kwa mataruma, kwa kuwa hupatikana umejipinda wenyewe, lakini mikoko ni hifadhi ya serikali na haikatwi bila kibali. Kwa nje tuliweka mkuku katikati na mapapi mawili sambamba nao, yakienda urefu wote, ambayo pia hupokea mikwaruzo boti inapoburutwa mchangani. Kwa ndani tukaweka mataruma mawili, na safari hii yakafika ubavuni na kupanda nao kidogo. Hapo fundi alitumia muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Kila ncha aliipiga randa ikachongoka taratibu, kwa urefu wa kiganja, hadi ikawa nyembamba kama ulimi. Chini ya kila taruma alikata vitundu vya kupitisha maji ya ngama, maana maji ya mvua yakituama huozesha mti upesi kuliko ya chumvi.

Kupaka gundi aliniachia mimi, na hapo nikaaibika. Epoksi kwenye joto la Desemba haina subira. Nilichanganya kopo zima kwa mara moja, likachemka mikononi, likatoa moshi, likaganda na brashi ndani yake. Baada ya hapo nilichanganya kidogo kidogo kwenye kifuniko kipana, nikaongeza unga wa mbao kuzibia mapengo, na kukaza skrubu za chuma kisichoshika kutu kutoka ndani. Plaiwudi ilikuwa imekwanguliwa rangi na kuanikwa siku nne. Gundi haishiki mti uliolowa, hata uupake mara ngapi.

Tuliishusha maji yakiwa yamejaa. Shemeji aliruka ndani bila kuambiwa, akatua kwa miguu yote miwili katikati ya sakafu. Haikulia tup. Niliinama kutazama ncha za mataruma, nikatazama tena jioni, na tena baada ya bamvua mbili. Ufa wa zamani bado unaonekana chini ya rangi ya bluu, mstari mmoja mwembamba, mkavu.