Chakula cha melini: Mbona nyumbani hatukili?



Mtu wa Bukoba nyumbani kwake hula ndizi na maharage Jumatatu hadi Jumapili, na siku akikosa ndizi atakwambia hajala, hata kama amemaliza sahani ya wali. Mtu huyo huyo mpandishe meli ya usiku ya kwenda Mwanza. Kabla kamba hazijafunguliwa ameshakula mayai mawili ya kuchemsha yaliyojazwa kachumbari, ameshafungua soda, na mkononi ana kipande cha kuku wa kukaanga ambaye hajui alikaangwa saa ngapi. Meli ikisimama Kemondo kupakia mikungu ya ndizi, anachungulia nje kutazama kama kuna wa kumuuzia chochote. Saa sita za usiku, wakati ambao nyumbani angekuwa amelala muda mrefu, yuko kantini anaagiza wali.

Ukimuuliza atacheka: "Si safari bwana!"

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia usafi wa jikoni, chooni na kisimani. Leo tuzungumzie mlo huu wa safari, kwa sababu ni mlo ambao hakuna anayeuhesabu. Mgonjwa wa kisukari anayepima kila kijiko cha sukari nyumbani, akiwa melini anaona usiku ule haumo katika kalenda. Mama ambaye hamruhusu mwanawe kula kitu cha barabarani, melini anamnunulia mwenyewe.

Desturi hii ni ya zamani. Meli ya MV Victoria ilianza kazi katika ziwa letu mwaka 1961, na watu wazima wa Bukoba na Muleba wana kumbukumbu za utotoni za kusafiri nayo, wakiwa wamekaa juu ya mizigo katika daraja la tatu na kupewa andazi au soda ambayo nyumbani waliipata Idi hadi Idi. Meli hiyo ilisimama kwa miaka kadhaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020. Abiria waliporudi, walirudi na hamu zao zilezile.

Zipo sababu zinazoeleweka. Ndizi yetu ya kupika haina subira. Ikiwa ya moto ni laini, ikipoa hukakamaa na kubadilika rangi, kwa hiyo si biashara ya kutembezwa kwenye beseni. Muuzaji wa gatini anauza kinachovumilia: yai, chapati, andazi, sambusa, samaki mkavu wa kukaanga. Tena safari ni ndefu na hakuna la kufanya. Na lipo jambo jingine ambalo watu hawalisemi sana. Tangu tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya ndugu zetu, wapo kwetu wasioweza kulala melini. Hukesha wakisikiliza injini, na mtu anayekesha hutafuta kitu cha kutia mdomoni.

Wenzetu wa mbali wana ugonjwa huu kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika meli za kitalii za Ulaya na Marekani abiria hulipa nauli pamoja na chakula, na meza hujazwa tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Mtu ambaye kwao hanywi hata supu asubuhi, melini anakula kamba wakubwa, nyama na keki tatu kwa sababu "nimeshalipia". Meli hizo nazo huandamwa na kuharisha na kutapika kunakosababishwa na kirusi kiitwacho norovirusi, ambacho mtu mmoja anaweza kuwaambukiza wengi kwa kijiko cha kupakulia tu. Tangu mwaka 1975 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ina mpango wa kukagua usafi wa meli zinazotia nanga nchini humo. Meli hupewa alama kati ya 100, na inayopata 85 au chini ya hapo imefeli. Ugonjwa ukizuka, abiria hawaachiwi tena kujipakulia, wanapakuliwa na wahudumu. Na hapa kuna somo kwetu sote tunaotembea na vichupa vya dawa ya kusafishia mikono: kirusi hiki hakiogopi sana spiriti. Kinachokiondoa mikononi ni sabuni na maji yanayotiririka.

Sasa turudi kwenye meli yetu.

Yai na kachumbari yake

Yai la kuchemsha ni katika vyakula salama kabisa vya safari, maadamu liko ndani ya ganda lake. Tatizo linaanza muuzaji anapolimenya kwa mkono uleule uliopokea noti, akalipasua kwa kisu ambacho hakijaona maji tangu alasiri, kisha akashindilia kachumbari. Nyanya na vitunguu vile vimeoshwa kwa maji gani? Kama yamechotwa ziwani, kumbuka kuwa kando ya ziwa hili kipindupindu si hadithi. Nunua yai, mwambie asilimenye. Limenye mwenyewe kwa mikono uliyonawa, na chumvi njoo nayo kutoka nyumbani kwenye kikaratasi. Muuzaji atakuona una maringo. Vumilia.

Wali na kuku wa jioni

Chakula kilichopikwa kikikaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, vijidudu huanza kuongezeka kwa kasi. Wali una hatari yake ya pekee. Mchele unaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa sufuriani saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto mpaka utoe mvuke. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali wa moto saa tatu usiku na saa saba akawa ameinama kwenye ukingo wa meli. Wenzake watasema ni mawimbi. Inawezekana, lakini si kila anayetapika melini ametapishwa na ziwa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Katika safari moja ya ziwani nilinunua pilau kwa muuzaji mmoja, harufu yake ilikuwa ya harusini kabisa. Usiku ule nilijifunza idadi ya hatua kutoka nilipokaa hadi chooni, na nilijifunza pia foleni ya choo cha melini inakuwaje kwa mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo uliza chakula kimepikwa saa ngapi, na upendelee kile kinachotoka jikoni kikiwa cha moto mbele ya macho yako. Chai inayochemka na chapati iliyotoka kwenye kikaango hivi punde ni chakula kizuri. Kwa sambusa na kuku, Muislamu ana swali la ziada la kuuliza, nani amechinja, na asione haya kuliuliza.

Mama mdogo na kipimo cha asubuhi

Ndugu msomaji, hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Wengi wanaopanda meli ya usiku kutoka Bukoba hawaendi kutembea. Wanakwenda Mwanza kwa matibabu, na wengine huteremka gatini na kuelekea moja kwa moja kliniki, vikapu vikiwa mkononi.

Mama yangu mdogo ana kisukari, na alikuwa mmoja wao. Aliambiwa afike asubuhi bila kula, achukuliwe damu. Yeye "bila kula" aliielewa kuwa asinywe chai hospitalini. Melini alikula maandazi, akanywa soda mbili, na alfajiri meli inakaribia Mwanza akanywa chai yenye sukari ili apate nguvu ya kushuka. Sukari ilisomeka juu sana. Alipoulizwa kama amekula akajibu hapana, na kwa imani yake hakuwa anadanganya. Akaongezewa dawa. Aliporudi nyumbani kwenye ndizi na maharage yake, dawa ile ikawa kubwa kuliko chakula. Siku ya tatu tulimkuta amekaa kwenye kiti akitoka jasho la baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka. Alhamdulillah, jirani alijua la kufanya, akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo maadamu alikuwa bado anaweza kumeza.

Kipimo cha sukari kabla ya kula kinahitaji uwe hujatia kitu tumboni kwa angalau saa nane, isipokuwa maji matupu. Kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, daktari anakihesabu kuwa ni kisukari. Chupa moja ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya karibu vijiko vidogo tisa. Mtu aliyekunywa chai tamu saa kumi na moja alfajiri na kupimwa saa mbili asubuhi amewapelekea madaktari kipimo cha chai. Kipo kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, ambacho hakibabaishwi na usiku mmoja wa maandazi, lakini si kila mahali utakipata. Basi kama umeambiwa upimwe bila kula, kula nyumbani kabla ya kwenda bandarini, na ukiwa melini ishia kwenye maji. Ukiwa umeteleza, sema: "Daktari, nimekunywa chai alfajiri." Hakuna atakayekufunga. Na hapo kabla, siku unapopewa miadi, uliza dawa zako za usiku na za asubuhi uzitumieje siku ya safari, kwa sababu kumeza dawa ya kushusha sukari na kulala njaa kuna hatari yake.

Pia usije ukaniambia soda ni haramu kwa mgonjwa wa kisukari. Mgonjwa aliyemeza dawa kisha akatapika kwa sababu ya mawimbi anaweza kushuka sukari usiku, na hapo soda ile ile, au vijiko vichache vya sukari kwenye maji, ndiyo dawa. Iwepo kikapuni. Ikae kikapuni.

Kahawa ya kutafuna na senene

Wageni wanaotoka Bukoba hupenda kuondoka na vitu viwili. Kahawa yetu ya kutafuna, akamwani, haina ubaya kwa mtu mzima, ila kahawa ni kahawa hata ukiitafuna. Usitafune kiganja kizima saa nne usiku halafu ukashangaa mbona usingizi hauji na moyo unakwenda mbio. Wenye shinikizo la damu na akina mama wajawazito wapunguze.

Senene ni chakula cha heshima, na panzi huyu hana tatizo kwetu, nzige wakiwa ni halali. Ana protini nyingi, zaidi ya theluthi ya uzito wake akiwa mkavu, lakini karibu nusu iliyobaki ni mafuta. Wanaotoka Mwanza hununua kopo zima na kulimaliza kabla ya kulala, na kwa tumbo lisilozoea, juu ya mawimbi, hilo ni zigo. Mtu ambaye kamba wa baharini humwashia mwili au kumvimbisha midomo asijaribu senene kwa mara ya kwanza katikati ya ziwa. Miili mingine inayokataa kamba hukataa na wadudu pia, na pale hakuna zahanati ya kukimbilia.

Maji, na ile chupa

Maji ya kunywa chukua nyumbani yaliyochemshwa, au nunua chupa na uhakikishe kifuniko hakijafunguliwa. Wanaokwenda visiwani Goziba na Bumbire kwa mitumbwi nawaambia hivyo hivyo, maana najua mkono hushuka tu ziwani na kuchota.

Lakini lipo jambo letu sisi wenyewe. Tunastanji kwa maji, na chooni huenda kusiwe na kopo. Mtu anachukua chupa yake ya maji ya kunywa, anaingia nayo, anatoka nayo, anaiweka chini pembeni ya mkeka, na mtoto akiamka na kiu anaidaka. Beba chupa mbili, na ile ya chooni ifunge uzi au kitambaa shingoni, hata gizani mkono uijue.

Mtoto akianza kuharisha, usisubiri Mwanza. Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umpe kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Pakiti za chumvichumvi za dukani ni bora zaidi, na ni nyepesi kubeba.

Kikapu

Mama mdogo bado anasafiri. Safari hizi hubeba gonja mbili za kuchoma, mihogo iliyochemshwa na mayai matatu yenye maganda, vyote amevifunga kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, na wakati wa Ramadhani huongeza tende za daku. Siku ya kipimo kikapu hicho hakifunguliwi mpaka damu itoke. Mara ya mwisho nilimsindikiza bandarini. Alimsimamisha kijana wa mayai, akanunua mawili.

"Nikumenyee, mama?"

"Acha hivyo hivyo," akamwambia. "Na kachumbari mpe mwanangu huyu. Yeye hajafundishika."

Sikuichukua.