Fahamu: Mwanasheria wa ndani wa hospitali hufanya kazi gani?

Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilipozisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za madai bandia, yaani kudai malipo ya matibabu ambayo hayakutolewa, ilidhihirika kwamba Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) Oktoba 2024, imeongeza uzito wa kazi isiyoonekana na wagonjwa. Kazi hiyo ni ya mwanasheria wa ndani, ambaye, tofauti na wakili wa kukodiwa kesi inapozuka, huajiriwa na hospitali yenyewe ili kuhakikisha kwamba shughuli zake zinafuata sheria na kanuni za wasimamizi wa sekta.

Yeye hufuatilia leseni, hupitia mikataba na kampuni za bima, na hukagua namna taarifa za wagonjwa zinavyotunzwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kuitaka taasisi imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu itambue kwamba zimevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika.

Ugumu wake mkubwa, hata hivyo, haumo vitabuni. Mwajiri anayetaka mapato ndiye anayemlipa mshahara, ilhali wajibu wake humtaka azuie dai lenye shaka kabla halijatumwa. Mwanasheria asiyeweza kuifikia bodi moja kwa moja, bila kupitia kwa meneja wa fedha, ana cheo tu.