Seva ya Chama Ichaguliwe kama Mlinzi wa Lindo

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Siku hizi daftari la chama limo ndani ya kompyuta, na wenye mali hawana budi kuamua ni seva ipi italitunza na kuliendesha. Uamuzi huo si wa mafundi peke yao. Ni wa kila mwenye akiba yake humo.

Tuseme askari na polisi mia tatu, wengine wakiwa kazini na wengine wamestaafu, wameunda chama cha akiba na mikopo huko Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge. Kila mwezi huweka faranga zao. Aliye kambini mbali ataka kuulizia salio lake kwa simu. Mjane wa mwenzao ataka mafao yake bila kuzungushwa. Wauzaji wamekuja na majina manne ya seva za programu. Kamati ichague ipi?

Kwanza, ndugu askari na polisi, yafaa tuelewe kazi ya chombo chenyewe. Seva ya programu hukaa kati ya mtumiaji na hifadhidata. Hukagua langoni ni nani aingiaye. Hugawa zamu ili watu mia wasigombee mlango mmoja. Huweka tayari njia za kwenda ghalani, yaani kwenye hifadhidata. Tena huhakikisha kwamba muamala wenye hatua mbili ama unatimia wote ama haufanyiki kabisa: fedha zikitoka katika hesabu ya mmoja, sharti ziingie katika hesabu ya mwingine, umeme ukikatika katikati, zirudi zilikotoka.

Kanuni za seva kubwa za namna hii, zitumiazo lugha ya Java, zilitolewa na kampuni ya Sun ya Marekani mwaka 1999. WebSphere ya IBM na WebLogic, ambayo Oracle iliipata ilipoinunua kampuni ya BEA mwaka 2008, huuzwa kwa leseni. WildFly, ambayo zamani iliitwa JBoss, na Tomcat ya Apache hupatikana bila ada. Tomcat ni nyepesi kuliko hizo nyingine: yenyewe haibebi muamala unaogusa hifadhidata mbili kwa wakati mmoja.

Je, wepesi huo ni upungufu? Inategemea mzigo. Chama chenye hifadhidata moja hakihitaji zaidi, kwa kuwa hifadhidata hiyo hulinda miamala yake yenyewe. Wizara ya Afya ya Burundi hukusanya takwimu zake kwa mfumo wa DHIS2, ulioundwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao kwa miaka mingi umeendeshwa juu ya Tomcat. Lakini ikiwa muamala mmoja wa chama lazima uandikwe katika hifadhidata mbili kwa pamoja, hapo WildFly au mojawapo ya zile za kulipiwa itafaa zaidi.

Gharama nayo ipimwe kwa makini. Leseni za kigeni hulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo zimekuwa adimu nchini kwa miaka mingi. Hata hivyo, chombo kisicho na ada si chombo kisicho na gharama, kwani fundi wa kukitunza hula mshahara.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani ilipoteza siri za watu wapatao milioni 147. Wezi walipitia kasoro ya Apache Struts, programu iliyotumiwa katika mojawapo ya mifumo yake. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imetolewa mwezi Machi. Wezi walianza kuchota habari mwezi Mei. Kampuni ile haikukosa fedha wala wataalamu. Ilikosa mtu wa kuhakikisha kwamba ufa ule umezibwa. Lindo lisilo na mlinzi ni lindo tupu, hata kama bunduki ni mpya.

Tuulize pia kama mtengenezaji atadumu na chombo chake. Mwezi Novemba 2013 Oracle ilitangaza kwamba haitauza tena huduma ya matengenezo kwa matoleo mapya ya seva ya GlassFish. Walioitegemea huduma hiyo walibaki na hiari mbili: kukaa na toleo la zamani au kuhama.

Mwisho ni suala la mahali. Seva iliyopo Kanyosha yahitaji betri na jenereta. Iliyokodiwa ng'ambo yahitaji intaneti isiyokatika. Popote itakapowekwa, nakala ya daftari ikae mahali pengine kila siku. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Mfanyabiashara ambaye bidhaa na daftari vilikuwa chini ya paa moja hakubakiwa hata na orodha ya wadeni wake.

Kwa hiyo tunaishauri kamati ya namna hiyo isianze na jina la seva. Ianze na jina la mtu: nani hapa Bujumbura aijuaye seva hii, nani atashika zamu yake akiugua, na nani atakagua kila wiki kama marekebisho ya usalama yamewekwa? Seva isiyopata majibu hayo iachwe, hata ikiwa ndiyo yenye sifa kubwa duniani. Inayoyapata, ijaribiwe kabla ya sahihi kutiwa: umeme ukatwe makusudi mbele ya muuzaji wakati fedha za majaribio zinahamishwa, kisha daftari lote lirudishwe kutoka kwenye nakala. Hesabu zikilingana hadi faranga ya mwisho, mkataba utiwe sahihi. Zisipolingana, muuzaji arudi na chombo chake, na akiba ya wanachama ibaki salama.