Uvimbe Usiopungua Usifumbiwe Macho

Katika kambi za askari, kama ilivyo vijijini, mtu akivimba shavu au mguu maneno huwa mengi kabla ya dawa kutafutwa. Mmoja husema ni jino, wa pili husema ni kurogwa, na wa tatu hutaja saratani akawatia watu hofu. Yafaa basi tuulize kwa utulivu: je, saratani yaweza kuuvimbisha mwili? Jibu ni kwamba yaweza, tena kwa njia zaidi ya moja, ingawa si kila mwenye kuvimba ana saratani.

Njia ya kwanza ni uvimbe wenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe hai zisizoonekana kwa macho, nazo huzaliwa na kufa kwa utaratibu. Baadhi zikiuasi utaratibu huo, huzaliana ovyo na kujikusanya mahali pamoja mpaka pakatuna.

Njia ya pili ni kuziba. Kila mmoja wetu ameona jinsi mfereji wa kambi unavyozibwa na takataka, maji yakarudi uani. Ndivyo ilivyo mwilini. Saratani ya titi ikiingia katika tezi za kwapani, mkono wa upande huo waweza kujaa maji na kuvimba. Uvimbe wa kifuani ukibana mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, uso na shingo huvimba. Saratani ya Kaposi, ambayo huwapata sana wenye virusi vya UKIMWI, yaweza kuvimbisha mguu mzima. Vilevile saratani ya ini au ya ovari yaweza kujaza tumbo maji.

Katika nchi yetu ya Uganda jambo hili lina historia yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakulichukulia kama jino tu. Baadaye alimwona mtoto mwingine mwenye taya kama hizo huko Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 akipita hospitali za Afrika ya Mashariki na Kusini, akauliza kila mahali: mmewaona watoto wa namna hii? Ikadhihirika kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Kampala viliwawezesha Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kugundua kirusi mwaka 1964. Leo yajulikana kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, vinahusika na ugonjwa huo.

Saratani hiyo ya Burkitt huwapata hasa watoto wenye umri wa miaka 4 hadi 7. Hukua kwa kasi kubwa, hata chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo husikia dawa vizuri, na watoto wengi wanaofikishwa mapema hupona. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilianza kwa kuwatibu watoto hao.

Hatusemi haya ili kila mzazi aone saratani katika kila shavu. Jino bovu na jipu huvimbisha. Moyo, figo na ini vikiugua, miguu huvimba. Mtoto mwenye utapiamlo huvimba pia, na mwenye matende huvimba mguu. Mama mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa sana na kichwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Pumzi ikianza kukata, hapana kungoja kupambazuke.

Mambo ya kuangalia ni haya: uvimbe unaoendelea kukua, uvimbe mgumu usiouma, taya iliyovimba pamoja na meno kulegea, tumbo linalokua huku mwili ukikonda. Mwenye dalili hizo asichanjwe wala asikandwe, bali aende kwa daktari. Hapo ndipo kipande kidogo cha uvimbe hukatwa na kutazamwa kwa hadubini, maana kwa macho matupu hakuna awezaye kuthibitisha saratani.

Neno la mwisho ni kwenu askari na polisi, ambao uhamisho huwakuta wakati wowote. Dawa za saratani hutolewa kwa zamu, na uvimbe mara nyingi hunywea kabla ya matibabu kumalizika. Shavu likirudi kama zamani, msidhani kazi imekwisha. Mkihamishwa, chukueni barua ya daktari na kadi ya mgonjwa, mwonyesheni mkuu wenu, mtoto amalize dawa zake. Mficha maradhi, kilio humfichua.