Sindano ya Insulini Nyumbani: Matumizi Salama kwa Mgonjwa na kwa Jirani

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo wazazi, vijana na hata watoto ambao siku yao haiwezi kupita bila kujichoma sindano. Wengi wao wanaishi na kisukari. Wanarudi kutoka kliniki wakiwa na kichupa cha insulini, mabomba machache ya sindano na maelezo ya dakika chache, na kuanzia hapo kazi ambayo hospitalini hufanywa na muuguzi aliyeisomea inakuwa yao. Makala hii tumewaandikia wao pamoja na wale wanaoishi nao, kwa kuwa sindano iliyokwisha kutumika haimhusu mgonjwa peke yake.

Tuanze na jambo linalotuumiza. Wapo wanaoombewa, wakajisikia nafuu, kisha wakaiacha insulini wakidhani kuendelea kuitumia ni kukosa imani. Kanisa halijapata kumwambia mgonjwa achague kati ya sala na dawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi ambazo Mungu ametukabidhi, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Padre anayempaka mgonjwa mafuta matakatifu hamwondolei wajibu huo. Kabla ya Januari 1922, pale kijana wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto, nchini Kanada, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu. Mwenye ugonjwa wa aina hiyo akiacha sindano leo, hatari ya kifo huja ndani ya siku chache.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe. Insulini hupimwa kwa yuniti, wala haipimwi kwa bomba la kawaida la dawa nyingine. Insulini inayotumika sana siku hizi ina yuniti 100 katika kila mililita moja, nayo huandikwa U-100. Bomba nalo lazima liwe na maandishi hayo hayo. Anayevuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 atajichoma dozi mara mbili na nusu ya ile aliyoandikiwa. Tena, mistari ya mabomba hailingani: katika mabomba mengi ya mililita moja kila mstari mdogo ni yuniti mbili, na katika yale ya nusu mililita ni yuniti moja. Kwa hiyo duka la dawa likikupa bomba la ukubwa tofauti na ule uliouzoea, usihesabu mistari kwa mazoea. Uliza kwanza.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, na ngozi iwe safi na kavu. Insulini yenye rangi kama ya maziwa ichanganywe kwa kuviringisha kichupa taratibu kati ya viganja na kukipindua mara kadhaa, bila kukitikisa kwa nguvu. Sehemu za kuchoma ni tumbo (upana wa vidole viwili au vitatu kutoka kitovuni), upande wa mbele na wa nje wa mapaja, matako, na nyuma ya mkono wa juu. Sindano huingia wima. Aliye mwembamba sana, au mtoto, hubana ngozi kidogo ili dawa isifike kwenye msuli. Anayetumia kalamu ya insulini ahesabu polepole hadi kumi kabla ya kuichomoa, kisha aiondoe sindano kwenye kalamu badala ya kuiacha hapo hadi kesho yake.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuchoma mahali pale pale kila siku, kwa sababu pamezoea na pamekufa ganzi. Hapo hujengeka uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Hauumi, na ndiyo sababu watu hupapenda. Lakini dawa inayoingia hapo husharabiwa leo nyingi, kesho kidogo, na sukari hupanda na kushuka bila mpangilio. Sogeza angalau upana wa kidole kimoja kila unapochoma.

Kwa wanaohudhuria Misa ya kwanza ya alfajiri tuna neno la pekee. Wapo wanaojichoma kabla ya kutoka nyumbani, kisha hawali kitu hadi baada ya Komunyo, wakiogopa kuvunja mfungo wa Ekaristi. Mfungo huo ni wa saa moja tu, maji na dawa haviuvunji, na Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Aliyekwisha kuchoma insulini ya chakula, na ale. Hata Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wagonjwa hawabanwi na sheria ya kufunga. Mwenye kutetemeka, kutokwa jasho jingi na kuchanganyikiwa kanisani apewe mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari. Akiwa amezirai asitiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali.

Turudi kwenye sindano. Imetengenezwa itumike mara moja. Ncha yake ni nyembamba mno na imepakwa kilainishi. Kila inaporudiwa huzidi kuwa butu, huumiza, huchangia ule uvimbe tuliousema na inaweza kuingiza vijidudu. Tunafahamu kwamba bei huwalazimisha wengi kuirudia, wala hatuoni faida ya kumkaripia mtu anayechagua kati ya bomba jipya na unga wa nyumbani. Tunachosihi ni kwamba alizungumze waziwazi na muuguzi wa kliniki badala ya kuficha, na kwamba asiichemshe wala kuipangusa kwa spiriti akidhani ameifanya mpya. Spiriti huondoa kile kilainishi, na plastiki ya bomba haikutengenezwa kwa kuchemshwa.

Lakini kuna mpaka usiovukwa hata kwa umaskini: sindano haiazimwi. Si kwa mume na mke wote wawili wenye kisukari, si kwa mama na mwanawe. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupita kwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Kalamu nayo haishirikiwi hata ikibadilishwa sindano, kwa sababu damu huweza kurudi ndani ya kichupa chake.

Baada ya kutumika, sindano iende wapi? Wengi huisokomeza chini ya godoro au kuitupa usiku jalalani, kwa aibu ya majirani watakaodhani kuna matumizi ya dawa za kulevya ndani ya nyumba. Aibu hiyo tunapaswa kuiondoa sisi majirani. Sindano ya jalalani hungoja mguu wa mtoto anayecheza peku, au mkono wa anayejipatia riziki kwa kuokota chupa. Chupa ya maji ya kunywa haifai, maana ni nyembamba na huokotwa. Tafuta dumu gumu la mafuta ya kula au la sabuni ya maji, lenye kifuniko cha kukaza, uandike juu yake kwa herufi kubwa: SINDANO, USIFUNGUE. Mara tu unapomaliza kuchoma, tumbukiza humo bomba na sindano yake bila kuhangaika kuivisha kofia. Liwe mbali na watoto, na likifika robo tatu ulifunge na kulipeleka katika zahanati au kituo cha afya chenye kichomea taka. Uliza mapema kama wanapokea. Viongozi wa Jumuiya wanaweza kuulizia kwa niaba ya wagonjwa wanaoona haya.

Mtu akichomwa na sindano ya mwingine, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kukamua, kunyonya wala kumwagia jiki. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, na kama ni mtoto, apelekwe na kadi yake ya kliniki.